Noti Mbili Ndani ya Biblia

Katika nyumba nyingi za Kigali Biblia huwekwa mahali pa heshima. Huwekwa juu ya kabati la vyombo, au juu ya meza ndogo iliyotandikwa kitambaa cha kufuma, mbali na mikono ya watoto na mbali na moshi wa jikoni. Na kwa kuwa mahali hapo ni salama kuliko pengine pote nyumbani, aghalabu kitabu hicho hupewa kazi nyingine ambayo hakikuandikiwa. Hutunza vyeti vya watoto, risiti za karo, picha ya marehemu, na hata fedha. Anayetaka kujua kama Biblia ya nyumba fulani husomwa au hutunzwa tu, hana haja ya kumwuliza mwenye nyumba. Na aifungue, aone ni vitu gani vitakavyodondoka.

Nyumba inayosimuliwa hapa iko Kanombe, upande wa mashariki wa mji, ambako ndege zitokazo na ziingiazo hupita juu ya mabati mchana na usiku. Baba wa nyumba ni sajini meja wa jeshi. Mama ni mshonaji; cherehani yake iko barazani, na sare nyingi za shule za mtaa ule zimepita mikononi mwake. Watoto wao ni watatu, na mkubwa ni binti wa miaka 14. Majina yao hayana haja ya kutajwa, kwa kuwa wanafanana na wengi wanaovaa sare za nchi, na wengi zaidi wanaowangoja nyumbani.

Zamani kabati lao lilikuwa na Biblia mbili. Moja ilikuwa ya Kiswahili, mali ya baba. Yeye alizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi walioikimbia Rwanda katika machafuko yaliyofuata mwaka 1959, na mama yake ndiye aliyempa kitabu hicho. Ya pili ilikuwa ya Kinyarwanda, urithi wa mama kutoka kwa bibi yake wa Gahini. Baba alipopelekwa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ambako Rwanda ilianza kupeleka askari na polisi mwezi Julai mwaka 2021, aliitia ile ya Kiswahili katika mkoba wake. Ile ya Kinyarwanda ikabaki juu ya kabati.

SWALI LA BINTI

Ilikuwa mwezi wa Aprili, majuma ya maombolezo, wakati Wanyarwanda wanapowakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliyoanza tarehe 7 Aprili 1994 na kudumu kwa siku zipatazo 100. Wanafunzi wa darasa la binti yule walipelekwa Nyamata, katika Bugesera, mwendo wa kilomita kama 30 kusini mwa Kigali. Barabara ya kwenda huko huvuka mto Nyabarongo, mto ambao mwaka 1994 ulibeba maiti hadi Akagera, na kutoka Akagera hadi Ziwa Victoria.

Huko Nyamata waliona kanisa ambalo halisaliwi tena. Watu walikimbilia humo wakiamini kwamba hakuna atakayethubutu kumwaga damu mbele ya altare. Wauaji walithubutu. Hadi leo mabati ya kanisa hilo yana matundu yaliyotobolewa na vipande vya mabomu ya mkono, na nguo za waliouawa zimehifadhiwa pamoja na rozari zao na vitambulisho vyao. Zaidi ya watu 45,000 wamezikwa mahali hapo. Mwaka 2023 UNESCO iliiandika Nyamata, pamoja na Gisozi, Murambi na Bisesero, katika orodha ya urithi wa dunia.

Binti alirudi jioni, akavua viatu, akaketi jikoni asiseme neno. Mama alimpakulia. Ndipo binti alipouliza:

“Mama, wale waliokuwa wakiua, nyumbani kwao hakukuwa na Biblia?”

Mama aliweka chini mwiko. Mwaka 1994 alikuwa na umri wa miaka sita. Kumbukumbu zake ni chache, na hakuwa na desturi ya kuzizungumza. Alijua jibu, kwa maana kila Mnyarwanda anayejua historia ya nchi yake analijua. Katika sensa ya mwaka 1991 karibu watu tisa katika kila kumi walijiandikisha kuwa ni Wakristo. Biblia zilikuwapo. Nyimbo zilijulikana. Jumapili makanisa yalijaa.

“Kula kwanza, mwanangu,” akasema.

Binti akala. Lakini swali halikuondoka mezani pamoja na sahani.

KITABU KILICHOPATIKANA KWA TAABU

Watoto walipolala, mama aliishusha Biblia ya bibi yake. Jalada lilikuwa limefifia, na vumbi lilikuwa limeganda pembezoni.

Kitabu hicho hakikuja kwa urahisi. Agano Jipya la Kinyarwanda lilitoka mwaka 1931, na Biblia nzima mwaka 1954. Mmisionari wa Kiingereza Harold Guillebaud, aliyefika mwaka 1925, aliifanya kazi ya kutafsiri akisaidiana na Wanyarwanda waliomfundisha lugha yao neno kwa neno. Akafariki mwaka 1941 kabla ya kuiona Biblia kamili. Ile ya Kiswahili nayo ina historia yake ya machozi. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo mjini Mombasa, akisaidiwa na kadhi wa Kiislamu wa mji huo. Na mnamo Julai mwaka huo huo alimzika mkewe na mtoto wake mchanga. Ilipita zaidi ya miaka 100 kabla ya kutolewa, mwaka 1952, ile Biblia ya Kiswahili ambayo Wakristo wengi wa Afrika Mashariki wamekua nayo.

Katika siku za mwanzo kusoma na kuamini vilikuwa kama kitu kimoja. Kule Uganda Wakristo wa kwanza waliitwa wasomaji, na hata leo katika Kiganda kwenda kusoma kwaweza kuwa na maana ya kwenda kusali. Kinyarwanda kina siri yake pia. Neno gusoma huandikwa vivyo hivyo likiwa na maana ya kusoma kitabu na likiwa na maana ya kupiga funda la kinywaji. Kinywaji kisichoingia kinywani hakimkati mtu kiu, hata kibuyu kiwe kizuri namna gani.

Bibi wa Gahini aliufahamu ukweli huo. Alikulia katika miaka ambayo uamsho wa Gahini ulikuwa bado moto. Gahini iko mashariki, juu ya Ziwa Muhazi, na hapo ndipo palipokuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana ambamo daktari Joe Church alifanya kazi. Mwaka 1929 daktari huyo alikutana na Simeon Nsibambi, Mganda, juu ya kilima cha Namirembe mjini Kampala. Wakasoma na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto huo ulienea kutoka Gahini hadi Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Wafuasi wake waliitwa waliookoka. Walijulikana kwa wimbo wao wa Tukutendereza. Walijulikana pia kwa jambo lililowagharimu zaidi ya kuimba. Walitubu hadharani, na waliokuwa wameiba walirudisha walichoiba.

Bibi yule alikuwa na mazoea ambayo mjukuu aliyaona tangu utotoni bila ya kuyauliza. Kila alipomaliza fungu la Biblia hakulitia alama papo hapo. Alingoja. Siku mbili, juma, pengine mwezi. Halafu siku moja alichukua kalamu ya risasi na kutia nukta ndogo pembeni. Mjukuu alikuja kuelewa baadaye sana, kwamba nukta ile haikuwa ya fungu lililosomwa. Ilikuwa ya fungu lililotendwa.

KILICHODONDOKA

Kitabu kilichobanwa kitu ndani hufunguka mahali pale pale. Mama alipoishika Biblia ile ikafunguka yenyewe katika Injili ya Luka, sura ya tatu, na noti mbili za faranga 2,000 zikamwangukia mapajani.

Kwanza alifurahi, kama afurahivyo mtu aliyepata fedha alizozisahau. Kisha akakumbuka, na mikono yake ikapoa.

Mtaani kwao wanawake 20 wana chama cha kuwekeana akiba, ambacho Wanyarwanda hukiita ikimina. Kila Jumapili alasiri kila mmoja hutoa faranga 2,000. Wengi wao ni wake wa askari na wa polisi, na fedha hizo zimeponya nyumba nyingi: zimelipa karo, zimenunua dawa, zimemzika mzazi. Mama huyu ndiye aliyekuwa katibu, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri na hesabu zake hazikuwahi kuwa na kosa.

Mwezi Februari, Jumamosi moja usiku, jirani yake, mke wa konstebo wa polisi, alibisha hodi. Alikuwa akisafiri alfajiri kwenda Musanze kumwuguza mama yake. Akaacha faranga 4,000 za Jumapili mbili. Umeme ulikuwa umekatika, mtoto mdogo alikuwa akilia kwa homa. Katibu alizipokea noti hizo, akazitia ndani ya Biblia ili watoto wasizichezee, akakusudia kuziandika asubuhi. Asubuhi ilikuja na mambo yake.

Jirani aliporudi alikuta safu yake katika daftari ikiwa tupu. Akasema alilipa. Katibu akafunua daftari mbele ya wote, na kwa moyo mweupe kabisa, kwa kuwa alikuwa amesahau, akasema kwamba kisichoandikwa hakipo. Wanawake 18 wakaliamini daftari. Jirani akalipa tena faranga 4,000, pamoja na faini ya 1,000. Hakugombana na mtu. Aliacha tu kuhudhuria, na alipopita barazani penye cherehani alitazama upande wa pili. Nyuma yake maneno yakapita: kwamba mke wa polisi alitaka kula jasho la wenzake, na kwamba pengine kalifundishwa na mumewe.

Sasa noti zilikuwa mapajani. Na nje ya chumba kile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua.

Shetani wa mambo madogo hasemi na mtu kwa ukali. Husema kwa busara. Alimwambia mama yule kwamba jambo limekwisha kupoa. Kwamba aweza kuzitia noti hizo kimya kimya katika sanduku la chama, na hesabu ikawa sawa. Kwamba katibu akidharauliwa chama chote kitatikisika. Kwamba mume wake ni sajini meja, na heshima yake nayo ifikiriwe. Kila neno lilikuwa na ladha ya hekima. Lakini fedha hurudishwa kwa mkono, na jina la mtu halirudishwi kwa namna hiyo.

ASKARI NAO WALIULIZA

Alhamisi baba alipiga simu. Huko aliko, katika pwani ya Cabo Delgado, wenyeji wengi husikilizana naye kwa Kiswahili, lugha ambayo nyumbani ilitambuliwa kuwa miongoni mwa lugha rasmi mwaka 2017, lakini ambayo askari wa Kigali wameisema tangu mji ulipoanza kujengwa na Richard Kandt, Mjerumani, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mama alimsimulia yote: swali la binti, noti, na Luka sura ya tatu.

Baba alinyamaza kidogo. Kisha akasema, “Mama watoto, umesoma mpaka wapi?”

“Noti zilipoanguka niliacha.”

“Basi soma mbele. Askari nao waliuliza.”

Akaongeza jambo moja la kikazi. Askari aliyepoteza risasi, akasema, hutoa taarifa kabla ya risasi kuhesabiwa. Akingoja mpaka zihesabiwe, kosa la kupoteza limegeuka kuwa kosa la kuficha.

Usiku huo mama alisoma mbele. Habari yenyewe ni fupi. Yohana Mbatizaji yuko kando ya mto Yordani, na umati umemjia. Yeye hawapongezi kwa kuja. Anawaonya wasijitegemeze juu ya ukoo wao na kujisifu kuwa ni wana wa Ibrahimu, kwa kuwa mti hupimwa kwa matunda yake. Ndipo watu wanapouliza wafanye nini. Na majibu yake hayana fumbo lolote. Mwenye nguo mbili amgawie asiye na nguo. Mtoza ushuru asipokee zaidi ya kiwango. Kisha askari nao wanasogea na swali lile lile, na Yohana hawaambii waache silaha waende jangwani. Anawaambia wasitumie nguvu kupora, wasimzulie mtu kosa, na waridhike na ujira wao.

Mama aliisoma mara mbili sehemu ile ya kumzulia mtu kosa. Yeye si askari, ila ameolewa na askari, na neno lile lilikuwa limemfuata nyumbani. Alitafuta pembeni. Palikuwa na nukta ndogo ya kalamu ya risasi, ya zamani, karibu ifutike. Bibi alikuwa amepita hapo. Kwa jambo gani, hakuna ajuaye.

MLANGONI KWA JIRANI

Ijumaa jioni alikwenda kwa jirani akiwa na noti mbili na faranga 1,000 za faini. Hakutafuta maneno mazuri. Alisimama mlangoni akaeleza umeme ulivyokatika, mtoto alivyolia, na Biblia ilivyofungwa toka Februari hadi Aprili.

Jirani alizipokea fedha. Hakumkumbatia.

“Fedha nimezipata, mama mwenzangu,” akasema. “Lakini miezi miwili nimepita njia hii nikiwa mwizi. Walionisikia nikiitwa hivyo hawapo hapa.”

Maneno hayo yalikuwa ya haki, na kwa sababu hiyo yalikuwa mazito. Jumapili, chama kilipokutana, katibu aliomba kusema kabla ya daftari kufunguliwa. Akasema kila kitu. Wengine waliinamisha vichwa, kwa kuwa wao ndio walioyasambaza maneno yale. Mmoja alisema kwamba bahati mbaya humpata kila mtu. Mwenyekiti, mwanamke mtu mzima, alisema bahati mbaya ni ya kusahau. Ya kuamini upesi kwamba mwenzao ni mwizi haikuwa bahati mbaya, na hiyo ilikuwa ya wote. Katibu alitozwa faini kama sheria za chama zinavyotaka, na daftari likakabidhiwa kwa mwingine. Jirani alirudi chamani baada ya majuma matatu. Salamu zilianza upya polepole, kwanza kwa kichwa, halafu kwa mkono.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ule ulizibwa, na alama ya udongo mpya bado yaonekana.

JIBU

Jumapili hiyo hiyo usiku mama alimwita binti jikoni.

“Uliniuliza kama hawakuwa na Biblia. Walikuwa nazo, mwanangu. Hata mimi nilikuwa nayo, na fedha za jirani zilikuwa ndani yake.”

Hakumwambia kwamba faranga 4,000 na damu ya watu ni mambo yanayolingana. Hayalingani, na mtu mzima asiyelijua hilo asifundishe watoto. Mauaji ya mwaka 1994 yalipangwa na wenye mamlaka, yakahubiriwa na redio, yakatekelezwa na wanamgambo, askari na majirani. Na kabla ya hapo yalitanguliwa na miaka mingi ya kufundishana chuki. Kanisa lenyewe lilikuwa limeketi karibu mno na wakubwa. Kwa miaka mingi Askofu Mkuu wa Kigali alikuwa mjumbe wa kamati kuu ya chama kilichotawala. Mnamo Novemba 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi kwa niaba ya Wakristo walioshiriki, na mwezi Machi 2017 Papa Francis aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na makosa ya Kanisa na ya watu wake.

Lakini mama alitaka binti yake aone jambo moja ambalo liko ndani ya uwezo wa mtoto wa miaka 14. Chuki ile isingalitembea kutoka nyumba hadi nyumba kama watu wengi hawangalikuwa wamezoea kumwona jirani akizuliwa kosa huku wao wakinyamaza kwa sababu wengi wamekubali. Mazoea hayo hayaanzi siku ya panga. Huanza siku ambayo daftari linaaminiwa kuliko mtu.

Kisha akamsimulia wengine waliosoma kitabu kile kile. Félicité Niyitegeka alikuwa mlei Mkatoliki huko Gisenyi. Mwaka 1994 aliwaficha watu waliokuwa wakiwindwa na kuwasaidia kuvuka mpaka. Ndugu yake, kanali katika jeshi la wakati ule, alitaka kumnusuru peke yake; yeye akakataa kuwaacha aliokuwa nao, akauawa pamoja nao. Leo ni mmoja wa mashujaa wa taifa. Na usiku wa tarehe 18 Machi 1997, wanafunzi wa shule ya sekondari ya Nyange waliamriwa na wavamizi wenye silaha wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Walikataa. Walijibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Walipigwa risasi na kurushiwa mabomu, na kadhaa wakauawa. Wengine walikuwa wamemzidi binti yule miaka michache tu.

“Nao walikuwa na Biblia ile ile?” binti akauliza.

“Ile ile.”

Binti alifikiri. “Basi tofauti si kitabu.”

“Tofauti ni kama msomaji ameuliza afanye nini, na kama amekwenda kulifanya.”

FUNDA MOJA MOJA

Mwaka 2018 Rwanda ilitunga sheria inayowataka viongozi wa madhehebu wawe na elimu ya dini ya chuo kikuu, na nyumba nyingi za ibada zilifungwa kwa kutotimiza masharti ya usalama na afya. Wapo walioisifu sheria hiyo na wapo walioinung’unikia. Vyovyote iwavyo, hakuna sheria inayoweza kufika juu ya kabati la vyombo. Hapo mwenye nyumba ndiye ofisa, na ndiye mkaguzi.

Katika nyumba ile ya Kanombe mambo yamebadilika kidogo, wala si sana. Vyeti vya watoto na risiti vimehamishiwa katika bahasha ndani ya droo. Biblia imeshushwa kutoka juu ya kabati, sasa hukaa penye meza ya kulia, na mara nyingine hupata doa la mchuzi. Husomwa baada ya chakula, fungu fupi tu, kwa kuwa watoto husinzia na kesho ni shule. Mama husoma, binti huuliza maana, na kabla ya kuinuka kila mmoja hutaja jambo moja la siku ile ambalo fungu hilo limeligusa. Yapo majuma ambayo hawapati kitu cha kutaja. Hawajilazimishi. Baba akipiga simu husoma upande wake kwa Kiswahili fungu hilo hilo, na watoto hucheka wanaposikia maneno ya lugha mbili yakikutana.

Kwa nyumba za wale wavaao sare desturi hiyo ina faida ya pekee. Kazi ya askari na ya polisi humpa mtu nguvu juu ya wenzake: silaha, pingu, kalamu ya kuandikia mashtaka, mkono wa kusimamisha gari barabarani. Mtu aliyepewa nguvu hizo hukutana na swali la askari wa Yordani takriban kila zamu, na hapo barabarani hana nafasi ya kufungua kitabu. Anachokitenda huko ni kile alichozoea kukitenda nyumbani, juu ya mambo ya faranga elfu mbili.

Pembeni mwa Luka sura ya tatu sasa pana nukta mbili. Moja ni ya bibi wa Gahini, karibu ifutike. Ya pili ni mpya, na ilitiwa baada ya majuma matatu, siku ambayo jirani alipita barazani penye cherehani, akasimama, akauliza kama mama anaweza kumpunguzia sketi ya shule ya mwanawe. Mama aliichukua sketi, akapima, akataja bei ile ile anayowatoza wote. Jioni, watoto walipokwisha kulala, akatafuta kalamu ya risasi.